Kope Zinapovimba Siku ya Tatu

Binti wa kaka yangu aliolewa Magoma siku ya Jumamosi akiwa na macho yaliyosifiwa na kila aliyeyaona, na Jumatatu asubuhi, wakati wageni waliocheleweshwa na ubovu wa barabara walikuwa bado wanamiminika kuja kumpa mkono wa heri, hakuweza kuyafumbua. Kope za juu zilikuwa zimevimba hata zikalalia zile za chini. Ngozi ya nyusi ilikuwa imefanya malengelenge madogo yanayotoa maji. Na mwasho wake, kwa maneno yake mwenyewe, ulikuwa mfano wa mtu aliyepenya kichaka cha upupu kwa uso. Nyumba ikajaa mahakimu. Mama mkwe alihukumu vumbi la njia ya kutoka Korogwe. Jirani akahukumu jicho la hasidi. Mpambaji, ambaye alikuwa na jina la kulilinda, akahukumu sabuni ya kuogea. Na wanaume waliokaa barazani, ambao hakuna aliyewauliza, wakakubaliana kwamba ni kope za kubandika, maana ndilo pambo pekee wanalolijua kwa jina.

Mimi si tabibu, ila nilikaa miaka mingi nyuma ya dirisha la dawa nikiwapa watu vidonge na matone, na kazi hiyo, ingawa haina hadhi kubwa, humfundisha mtu kuuliza maswali kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu. Nilimwuliza binti yetu ni nini kilichopakwa katika nyusi zake hata zikawa nyeusi namna ile na jasho la ngoma lisizifute. Akasema ni piko, aliyopakwa usiku wa Ijumaa. Nikamwuliza tena kama piko imewahi kumdhuru. "Hata siku moja, shangazi," akajibu, "napakwa tangu mdogo." Tulipochimba zaidi alikumbuka kwamba alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne alichorwa maua ya piko mikononi katika harusi moja mjini Tanga, na maua yale, baada ya siku kadhaa, yaliinuka juu ya ngozi kama yaliyochongwa, yakawasha, yakachubuka, na watu wazima wakasema ni joto. Basi joto lile lilikuwa ndilo shahidi wetu, nalo lilikuwa limengoja miaka tisa kuitwa barazani.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kina ndani yake jambo ambalo ningependa msomaji, hasa binti anayejipamba na mama anayempamba, alishike kuliko mengine yote: kwamba jicho linapokataa pambo, aghalabu halikatai lile lililowekwa leo kwa mara ya kwanza, bali lile lililozoeleka, na mara nyingi halikatai kilichowekwa machoni hata kidogo, bali kilichowekwa mahali pengine. Kwa hiyo mtu anayemtafuta mkosaji kwa kutazama jambo la mwisho lililotokea atawafunga wasio na hatia na kumwacha mwenye hatia akinywa chai sebuleni.

Ni lazima kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo vijana wa siku hizi huyaweka pamoja chini ya neno moja la aleji. Liko pambo linalounguza, nalo humuunguza kila mtu apewaye kiasi cha kutosha: sabuni kali ikiingia jichoni, gundi yenye mvuke mkali, spiriti ya kusafishia. Huku ni kuchomwa, na dalili zake huja papo hapo au baada ya saa chache, nazo ni kuchoma zaidi kuliko kuwasha. Na uko mzio wenyewe, ambao ni ugomvi wa mwili wa mtu mmoja na kitu kimoja, wala mwenzake aliyekaa naye katika mkeka mmoja na kupakwa kutoka kibakuli kimoja asidhurike. Mzio wa ngozi hauzaliwi siku ya kwanza. Mwili hukutana na kitu, na kwa muda usiopungua siku kadhaa, wakati mwingine baada ya miaka ya kukitumia, askari wake hukiandika jina katika daftari kama karani wa shamba la mkonge anavyoandika majina ya vibarua. Na jina likisha andikwa halifutiki kwa urahisi, aghalabu halifutiki maisha. Kitu kile kirudipo, askari hukusanyika polepole, wakachukua siku moja, mbili au tatu kufika mahali pa vita. Ndiyo maana piko ya Ijumaa usiku ilianza kuwasha Jumapili na kufumba macho Jumatatu, na ndiyo maana watu wa nyumbani, waliokwisha kuisahau Ijumaa, walikuwa wanakagua sahani za Jumapili.

Upo mzio wa aina nyingine unaokuja kwa dakika, wenye vipele vya kuinuka mwilini na uvimbe wa midomo. Huo si wa kujadiliwa barazani. Mtu akivimba midomo au ulimi, sauti ikakwama, au pumzi ikawa nzito baada ya kupakwa kitu chochote, apelekwe hospitali wakati uleule, na pikipiki yoyote iliyo karibu ndiyo gari la wagonjwa.

Sasa, kwa nini macho? Ngozi ya kope ni nyembamba kupita ngozi ya mahali pengine popote mwilini, takriban nusu ya milimita, nayo hufumba na kufumbua maelfu ya mara kwa siku, ikijikunja juu ya chochote kilichokaa katika mikunjo yake. Kitu ambacho kiganja cha mkulima hakikihisi, kope hukihisi. Hapa ndipo linapoingia jambo lililonishangaza mimi mwenyewe nilipolisikia mara ya kwanza kutoka kwa mganga mmoja wa ngozi: kwamba miongoni mwa wanawake wanaokwenda hospitalini kwa sababu ya kope zinazowasha, wako ambao sababu yao ni rangi ya kucha. Kucha ni ngumu, hazina habari. Ngozi ya vidole ni nene. Lakini mkono humgusa mtu usoni mara nyingi asizozihesabu, akipangusa jasho, akifikicha jicho, akiegemea shavu, na kila mguso huacha chembe. Hali kadhalika kucha za bandia na gundi yake. Hali kadhalika rangi ya nywele iliyooshwa ikateremka usoni, manukato yaliyonyunyizwa shingoni, mafuta ya mkorogo yaliyopakwa mashavuni na vibanio vya chuma vyenye nikeli vya kukunjia kope. Mwanamke anaweza kuacha wanja mwezi mzima, akaapa kwamba ameacha kila kitu, na kope zikaendelea kuwasha kwa sababu kucha zake bado ni nyekundu.

Dalili zenyewe zinafaa kutajwa kwa uangalifu, kwa kuwa vitabu vingi vimeandikwa na watu weupe kwa ajili ya ngozi nyeupe, navyo husema tafuta wekundu. Katika ngozi yetu wekundu haujitokezi hivyo. Mwenye ngozi nyeusi atazame uvimbe, ambao huonekana zaidi asubuhi. Atazame ngozi ya kope kuwa kavu, yenye magamba membamba kama unga, au kukunjamana kama karatasi iliyoloa ikakauka. Atazame weusi unaozidi kuzunguka jicho, ambao wengi huudhani ni uchovu wa kukesha, na ambao huweza kubaki miezi mingi baada ya mzio kwisha. Zaidi ya yote asikilize mwasho. Mwasho ndio sauti ya mzio. Jicho linalouma bila kuwasha, jicho linalochoma kwa mwanga, jicho linaloona ukungu, hilo lina habari nyingine.

Na habari hizo nyingine zipo nyingi katika nchi hii, wala si uungwana kumwambia kila mwenye jicho kwamba amepakwa vibaya. Mwezi Januari mwaka 2024 maradhi ya macho mekundu yalienea Dar es Salaam na mikoa mingine, nayo yalikuwa ya virusi, yakiambukizana kwa mikono na taulo. Macho ya namna hiyo aghalabu huanza upande mmoja kisha yakahamia wa pili, hutoa machozi mengi, na mwenye nayo huwapa wenzake nyumbani, jambo ambalo mzio hauwezi kulifanya. Maambukizi ya bakteria hutoa tongotongo nzito za manjano au kijani zinazozigandisha kope asubuhi. Vikope, ambavyo jina lake limetoka katika kiungo chenyewe, huikwaruza kope kwa ndani miaka mingi hata nywele zikageukia mboni. Na kwa wakazi wa milima ya Usambara na mabonde yake, ambako mito iendayo kasi imewalea nzi wa usubi tangu zamani, na ambako dawa ya ivermektini imegawiwa vijijini kwa ajili hiyo, mwasho wa mwili mzima pamoja na macho ni jambo la kumweleza mganga na si la kulitupia maskara. Mzio wa pambo, kinyume cha hayo, aghalabu hushika macho yote mawili kwa kuwa yote mawili yalipambwa, hutoa maji mepesi, na ramani yake hufuata mchoro wa pambo: ulipokwenda wanja, umekwenda mwasho.

Turudi kwa piko, maana nikisema kwamba mapambo yote yana dhambi sawa nitakuwa nimedanganya. Hina ya kweli ni jani lililosagwa, na rangi yake ni ya chungwa iliyoiva au ya kahawia. Haiwi nyeusi kama makaa kwa saa moja, hata ikiapishwa. Weusi ule wa haraka hutoka katika unga wa kutia nywele rangi, na ndani yake aghalabu mna kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo pakitini hufupishwa PPD. Katika nywele, iliyopimwa na kuoshwa kwa wakati, ina madhara yake lakini inavumilika kwa wengi. Katika ngozi, iliyokorogwa nzito na kuachwa ikauke pale bila kipimo, ni mwalimu hodari kabisa wa mzio. Na sisi tumeifanya kuwa desturi ya kuwapaka wasichana mikononi na miguuni katika kila harusi tangu pwani hata Handeni, tukiwaandikisha katika lile daftari wakiwa wadogo, kisha tukashangaa wanapofika umri wa kutia nywele rangi au kupakwa nyusi. Na aliyeandikwa kwa piko huenda akajikuta ameandikwa pia kwa jamaa zake: rangi fulani za nguo nyeusi, na baadhi ya dawa za ganzi za kupaka. Binti mwenye historia hiyo na amwambie kila mganga na kila msusi.

Wamarekani walijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1933 iliuzwa huko dawa ya kuzitia kope na nyusi rangi, jina lake Lash Lure, yenye kemikali hiyohiyo. Ikampofusha mwanamke aliyekwenda kujipamba kwa ajili ya karamu, na mwingine akafa, na serikali ikajikuta haina sheria ya kuiondoa dukani kwa sababu sheria iliyokuwapo ilihusu chakula na dawa, wala si vipodozi. Sheria mpya ilitiwa saini na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1938. Hata leo rangi za nywele za jamii hiyo nchini humo hubeba onyo kwamba zisitumike kwa kope wala nyusi kwa kuwa huweza kupofusha. Onyo hilo limeandikwa kwa herufi ndogo na kwa lugha isiyo yetu katika pakiti nyingi zinazofika magulioni, nazo pakiti zenyewe hutupwa kabla bi harusi hajaketi mkekani. Rai yangu ni kwamba piko isikaribie jicho hata kwa mtu asiyewahi kudhurika, wala isijaribiwe kwanza mkononi ili kuona kama itamkubali, kwa maana jaribio lenyewe ndilo linaloweza kuufundisha mwili uadui.

Gundi ya kope za kubandika inafuata kwa daraja. Nyingi kati ya zile za kudumu wiki kadhaa ni jamii ya sayanoakrilati, ndugu wa gundi ya kuunganishia viatu ingawa imelainishwa, na mvuke wake huunguza jicho lisilofumbwa vizuri. Nyingine hutoa fomaldehaidi kidogo kidogo. Msichana wa saluni atakuambia ni ya kawaida. Mwombe akuoneshe chupa, na kama chupa haina maandishi, ondoka. Anayebandikwa na afumbe macho hadi gundi ikauke, akae penye upepo, na akihisi kuchoma asivumilie kwa haya. Wala asizing'oe mwenyewe nyumbani kwa kucha, kwa kuwa atang'oa na zake.

Katika maskara na rangi za juu ya kope wanaoshitakiwa zaidi ni manukato, dawa za kuzuia kuoza, utomvu wa msonobari unaotiwa ili rangi ishike, mafuta ya sufu ya kondoo, na rangi nyekundu itokanayo na wadudu. Sitarajii msomaji ayakariri. Inatosha kujua kwamba neno "asilia" katika kopo halina maana yoyote mbele ya mzio, kwani upupu nao ni wa asili.

Wanja una shauri lake peke yake. Wanja wa manga, ule wa jiwe lililosagwa, unaheshimiwa na wazee wetu kwa sababu za dini na za uzuri, nami sitaki kuudharau. Lakini jiwe lenyewe mara nyingi ni galena, ambayo ni risasi iliyoungana na salfa, na risasi si jambo la mzio bali ni sumu, inayoingia mwilini mwa mtoto kwa kidole kilichofikicha jicho kisha kikaingia kinywani, ikadhuru ubongo wake bila kuwasha wala kuvimba. Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama. Kwa hiyo mtoto mchanga anayepakwa wanja ili hasidi asimwone, na akaonekana na risasi, amekingwa upande mmoja akaachwa wazi upande wa pili. Wanja wa penseli ulioandikwa mtengenezaji wake ni afadhali, kwa mtu mzima, na kijiti au penseli ya mtu mmoja isiingie jicho la mwingine hata akiwa pacha wake, kwa sababu ya yale maradhi ya kuambukiza tuliyoyataja.

Mtu aliyekwisha kudhurika na afanye hivi. Aondoe kila kitu usoni na kuchani, siyo kile anachokishuku peke yake. Kama ni kemikali iliyoingia ndani ya jicho, alioshe kwa maji safi yanayotiririka polepole kwa muda wa robo saa, akifumbua na kufumba, kabla ya kwenda popote. Kama ni kope zinazowasha, aweke kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi, dakika chache kwa wakati, na asikune. Kidonge cha setirizini hupunguza mwasho kiasi. Piritoni nayo husaidia lakini humlaza mtu, kwa hiyo mtu asiimeze kisha akaendesha bodaboda. Ajue pia kwamba mzio wa namna hii hauondoki kwa usiku mmoja: wiki mbili au tatu ni kawaida, hata mkosaji akiwa amekwisha kufukuzwa.

Lakini yako mambo mawili ambayo nayakataza kwa nguvu zote za dirisha langu la zamani. La kwanza ni kutia jichoni maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo au sukari, kwa ushauri wa mtu yeyote awe na mvi kiasi gani. Madaktari Yorston na Foster waliandika mwaka 1994 juu ya vidonda vya kioo cha jicho hapa Tanzania na namna vinavyohusiana na dawa za kienyeji za macho, na kila muuguzi wa macho nchini ana kisa chake cha jicho lililokuja na mwasho likaondoka na chongo. La pili, ambalo ni la kisasa zaidi na kwa hiyo linaonekana kuwa la kistaarabu, ni kununua bila kuandikiwa na mganga matone au krimu yenye steroidi. Zinapendwa kwa sababu zinatuliza siku ileile. Na kwa kuwa zinatuliza, mtu huzirudia mwezi baada ya mwezi, hata presha ya jicho ikapanda kimya kimya na kuua mshipa wa kuonea, au mtoto wa jicho akaota kabla ya wakati. Mkorogo unaopakwa usoni ili kuing'arisha ngozi aghalabu una steroidi hizohizo, zenye nguvu zaidi, nao huteleza kuelekea kope kila aliyeupaka anapotoa jasho. Mganga anaweza kukupa steroidi hafifu kwa siku chache kwa kope, na hapo ina faida. Tofauti ni kwamba yeye anahesabu siku.

Jicho likiuma kwa ndani, likichukia mwanga, likiona ukungu, likitokea doa jeupe katika kioo chake, au uvimbe ukija pamoja na homa, safari si ya duka la dawa. Kutoka Magoma mtu ataanza na kituo cha afya, kisha hospitali ya Magunga mjini Korogwe, au Bombo mjini Tanga ikibidi. Na kwa mzio mkaidi usiojulikana chanzo chake, KCMC Moshi ina chuo cha kanda cha maradhi ya ngozi, mahali pa kuulizia kipimo cha kubandika. Katika kipimo hicho vitu vinavyoshukiwa hubandikwa mgongoni katika vibandiko vidogo kwa saa 48, vikabanduliwa na ngozi ikasomwa, kisha ikasomwa tena baada ya siku moja au mbili, kwa sababu ya wale askari wazito wa miguu. Anayekwenda huko na achukue mapambo yake yote mfukoni, na rangi ya kucha pia, na pakiti zake.

Asiyeweza kusafiri ana njia ya nyumbani, inayohitaji subira kuliko fedha. Akisha kupona kabisa, achukue pambo moja, lisiwe piko wala gundi, alipake kidogo katika mkunjo wa ndani wa kiwiko, mahali palepale, mara mbili kwa siku kwa siku saba, bila kupafunika. Ngozi ikikaa kimya, na alirudishe usoni, hilo peke yake, kwa wiki mbili kabla ya kulirudisha la pili. Na aandike. Nimewaona watu wengi wakianza kazi hii kwa ari na kuivuruga siku ya tano kwa sababu ya mwaliko wa ngoma, wakarudisha vitu vinne usiku mmoja, na siku ya saba hawajui ni kipi kati ya vinne. Maskara iliyofunguliwa zaidi ya miezi mitatu isirudishwe hata kama haina mzio, kwani ndani ya chupa ile yenye giza na unyevu mna mifugo isiyoonekana. Wala isiongezwe maji au mate inapokauka.

Wauzaji nao wana sehemu yao. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, baada ya kuondolewa katika iliyokuwa TFDA, na kipodozi chenye jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na tarehe ya kwisha ni haki ya mnunuzi, si hisani ya muuzaji. Mpambaji anayemimina piko kutoka mfuko usio na jina, au anayehamisha rangi kutoka kopo hadi kopo ili lionekane jipya, amemnyang'anya mteja wake nafasi ya kujua alichopakwa siku atakapougua. Sina imani kubwa kwamba wakaguzi wataufikia kila mkeka wa gulioni. Nina imani zaidi na mteja anayeuliza kwa sauti mbele ya wateja wengine.

Binti yetu alipona baada ya wiki tatu, nyusi zake zikabaki na weusi usio wa piko kwa muda mrefu zaidi, na akanunua daftari la shule la kurasa arobaini ambamo aliandika kila kilichomgusa uso. Mdogo wake alipoolewa mwaka uliofuata, mpambaji yuleyule alifika na sanduku lake, na dada mtu akaketi mkekani akasoma kopo moja moja kwa sauti, mpambaji akiitikia kwa uso wa mtu anayelipishwa ushuru, mpaka ukafika mfuko wa unga mweusi usio na maandishi, ambao uliwekwa pembeni nyuma ya birika na haukuguswa tena. Nyusi zilichorwa kwa penseli. Usiku, ngoma ilipokolea na joto la bonde la Lwengera likawa juu ya kila mtu, unyusi mmoja wa bi harusi uliondoka na jasho, na dada yake akainuka kati ya wachezaji, akamshika kidevu, akamchorea mwingine palepale.